Sahihi ya Tatu

Mwezi wa Mei 2022 binti yangu mkubwa alinitumia tikiti ya ndege ili niende Ufaransa kumsaidia kuuza nyumba. Nilicheka. Kifaransa changu hakizidi salamu, na nyumba sijapata kuuza hata moja. Kumbe msaada alioutaka haukuwa wa lugha wala wa bei. Mwanawe wa kiume, mjukuu wangu, alikuwa amekataa kutia sahihi, na mama yake aliona kwamba babu aliyeshinda na vijana darasani miaka thelathini na mitano hawezi kumshindwa mmoja.

Nyumba hiyo iko nje kidogo ya kijiji katika jimbo la Creuse, katikati ya Ufaransa, mwendo wa zaidi ya saa moja kwa gari kutoka Limoges, ambako binti yangu ni muuguzi. Ni nchi ya vilima, ng'ombe na mawe ya graniti, na watu ni wachache. Katikati ya karne ya 19 jimbo hilo lilikuwa na watu zaidi ya laki mbili na themanini elfu. Leo hawafiki laki moja na ishirini. Zamani wanaume wake walikuwa mafundi waashi. Kila mwaka walikwenda Paris kujenga, wengi kwa miguu, na kurudi makwao majira ya baridi. Mmoja wao, Martin Nadaud, aliyezaliwa 1815, alianza kwa kubeba zege akaishia kuwa mbunge. Nayataja haya kwa sababu nyumba yenyewe ilijengwa na watu wa namna hiyo, na kuta zake zina unene wa kiwiko na zaidi.

Binti yangu na mumewe waliinunua mwaka 2000, wakati Wafaransa wakihesabu bado kwa faranga. Paa lilikuwa limebonyea, na ndani mlikuwa na mti. Waliitengeneza wenyewe kwa miaka kumi na minane, Jumamosi na Jumapili na likizo zote. Mkwe wangu alibandua saruji yote ambayo mtu fulani wa zamani aliipaka kutani, maana ukuta wa mawe uliofungwa kwa chokaa hutaka kupumua. Ukiuziba kwa saruji, unyevu hukaa ndani na ukuta huoza. Aliponieleza hivyo nilimwambia kwamba wazee wa Pangani wangemwelewa. Nimefundisha Pangani miaka kumi na mmoja, na nimeona mawe ya matumbawe yakipangwa juu ya magogo na kuchomwa hadi yawe chokaa, na chokaa ikilowekwa shimoni kabla ya kutumika. Tangu siku hiyo mkwe wangu na mimi tulikuwa na la kuzungumza, ingawa kwa mkalimani.

Alifariki mwaka 2019 akiwa na miaka hamsini na mitatu. Amezikwa katika makaburi ya kijiji kile, na kutoka dirisha la jikoni unauona ukuta wa makaburi.

Sheria ya Ufaransa haimwachii mtu awanyime watoto wake urithi. Nusu ya nyumba ilikuwa ya binti yangu tangu mwanzo. Katika nusu ya marehemu yeye alichagua haki ya kuitumia maisha yake yote, na watoto wawili wakawa wenye mali. Kwa hiyo kuiuza kulitaka sahihi tatu: ya mama, ya binti na ya kijana. Binti alikubali. Kijana, aliyekuwa na miaka ishirini na mitano, alisema hapana, halafu akaacha kupokea simu.

Mama yake alikuwa na sababu, na sababu zake zilikuwa za kweli. Alikuwa halali usingizi katika nyumba ile. Nyasi zilimshinda. Kodi ya ardhi huja kila mwaka, mtu akae asikae. Tangi la maji machafu lilikuwa limekaguliwa na kuonekana halifikii kanuni. Tena muuzaji Mfaransa hupimiwa nyumba yake kama mgonjwa: rangi yenye risasi kwa majumba ya kabla ya 1949, asbestosi, nyaya za umeme, na kipimo cha nishati inayotumiwa na nyumba, ambacho hutolewa kwa herufi kutoka A hadi G. Yetu ilipata E, na binti yangu akaipokea herufi ile kama mzazi aliyeletewa ripoti mbaya ya shule. Kuna hata onyo la radoni, gesi itokayo katika graniti. Dawa yake kubwa ni kupitisha hewa ndani ya nyumba.

Wanunuzi walikwisha kupatikana, mume na mke waliotaka kuhama mji baada ya corona, na hawakuhitaji mkopo wa benki. Kilichobaki ni hati ya kwanza ya mapatano mbele ya notari, ambaye ni mwanasheria aliyepewa mamlaka na serikali kuthibitisha mauzo ya nyumba. Nilipoelezwa hati hiyo nilishtuka. Mnunuzi akiisha kutia sahihi hupewa siku kumi za kujirudi bila kutoa sababu. Muuzaji hapewi hata moja. Nikaona kwamba kijana alikuwa na haki ya kuiogopa kalamu.

Nilimkuta kule kijijini. Alikuwa amehamia humo peke yake, analala darini chini ya boriti alizozikwangua na baba yake. Tulikaa siku mbili tukila mkate na jibini, sikumgusia jambo. Siku ya tatu akanianza mwenyewe, kwa Kiswahili chake cha likizo: "Babu, mama amekutuma."

Nikasema ndiyo, amenituma. Kisha, badala ya hotuba niliyoiandaa ndani ya ndege, nikamsimulia habari ya shamba. Mwaka 1991 niliuza shamba la michungwa la marehemu baba yangu kule Muheza, ekari nne. Mimi ni kifungua mimba, nikajiona nina amri. Fedha zile ndizo zilizomsomesha mama yake uuguzi, na mpaka leo siwezi kusema zilipotea. Mdogo wangu alipopata habari hakuuliza bei. Aliuliza, "Mbona hukuniambia?" Nikamjibu kwamba angekataa. Tulikaa miaka sita bila kusalimiana, na shangazi yetu alipokufa tulisimama pande mbili za kaburi kama watu wasiojuana.

Mjukuu wangu alinisikiliza mpaka mwisho, akasema: "Na mimi niliambiwa kwa simu. Bei ilikuwa imeshakubaliwa."

Sikuwa na jibu. Nimeadhibu watoto wengi katika kazi yangu, na baadhi yao, nikikumbuka sasa, walikuwa na hoja. Kijana hakuwa anakataa kuuza. Alikuwa anakataa kuarifiwa. Na mama yake alikuwa amefanya vilevile nilivyofanya mimi, tena kwa nia njema ileile, naye alikuwa msichana wa miaka kumi na minane nyumbani kwangu wakati mimi na baba yake mdogo tukigombana. Alijifunza wapi, kama si hapo?

Jumamosi binti yangu alipokuja nilimwita nje, karibu na banda. Nikamwambia, "Mwanangu, umenileta nimshauri mtoto. Mimi nimekuja kukushauri wewe. Hukumwuliza." Alikasirika. Aliniambia kwamba mimi si mtu wa kumfundisha jambo hilo. Nikamjibu kwamba ndiyo sababu nalijua. Akaondoka akaelekea makaburini, na mwanawe akatoka ndani akamfuata. Walirudi giza limeingia, na kule mwezi wa Juni giza huingia saa nne usiku. Walilozungumza silijui na sikuliuliza.

Asubuhi kijana alisema atatia sahihi, kwa sharti moja. Ukuta wa kaskazini, upande wa banda, baba yake aliuacha nusu bila chokaa. Aumalize kwanza ndipo nyumba itoke mikononi mwao. Dada yake alimwambia kwamba wanunuzi hawatalipa senti zaidi kwa ajili hiyo. Akajibu kwamba anajua.

Basi walitia sahihi hati ya kwanza mwezi huohuo, na Julai yote tukafanya kazi. Viza yangu ilikuwa ya siku 90, nami sikutaka kuzila bure. Nilichekecha mchanga na kukoroga chokaa ndani ya toroli. Kijana alishika mwiko wa baba yake. Mama yake alilowesha mawe kwa brashi, kwa kuwa chokaa haishiki juu ya jiwe kavu. Yeye na mwanawe hawakusema mengi. Siku moja nilimsikia akimwuliza kama amalizie kwa mwiko au kwa sifongo. Akamwachia achague.

Hati ya mwisho ilisomwa katikati ya Agosti. Notari aliisoma kwa sauti, ukurasa baada ya ukurasa, pamoja na majina ya wenye nyumba waliotangulia, na wote wakatia sahihi kwa kalamu ya plastiki juu ya kioo cha mashine. Mimi nilikaa nyuma kama mgeni wa darasa.

Lakini kabla ya hapo, asubuhi ileile, wanunuzi walikuja kuiangalia nyumba mara ya mwisho, kama ilivyo desturi. Mjukuu wangu aliwapeleka chini ya ngazi, akapiga magoti akawaonyesha koki ya kufungia maji, kwamba lazima ifungwe na mabomba yamwagwe kabla ya baridi kali, la sivyo yatapasuka. Maneno sikuyafahamu. Niliona mkono wake ukizungusha kushoto, halafu akampisha yule bwana ajaribu mwenyewe, akamrudisha ajaribu tena.