Gari la Mheshimiwa Likizeeka

Miongoni mwa maneno ambayo Kiswahili kimeipa Afrika Mashariki, na baadaye kikayavusha hadi ng'ambo, ni neno Wabenzi. Lilizuka katika miaka ya 1960, muda mfupi baada ya uhuru, likawa jina la tabaka jipya la watu waliotambulikana kwa gari walilopanda. Mwanafunzi wa mofolojia hulifurahia neno hili kwa kuwa limepachika kiambishi cha ngeli ya watu kwenye jina la kiwanda cha Ujerumani, kana kwamba Benzi ni kabila lenye nchi yake na mila zake. Ngũgĩ wa Thiong'o, katika mkusanyiko wake Secret Lives uliotoka mwaka 1975, aliipa hadithi moja jina la "A Mercedes Funeral". Kwa waandishi Mbenzi alikuwa mtu wa kukejeliwa; kwa wengi wetu, tuseme kweli, alikuwa mtu wa kuonewa wivu.

Neno hilo lakini humtaja mtu aliye ndani ya gari jipya. Halituambii lolote kuhusu gari lenyewe miaka zaidi ya thelathini baadaye, wakati mheshimiwa amekwisha kushuka na gari limefika mbele ya mwalimu mstaafu mwenye kiinua mgongo chake mfukoni. Hapo heshima na chuma huwa vimekwisha kuachana, ila vinauzwa pamoja kwa bei moja. Mintarafu ya ununuzi wa gari la namna hiyo nina machache ya kueleza, kwa sababu mjomba wangu alinichukua kuwa shahidi wake.

Magari makuukuu ya wakubwa hayaji tena kwa meli. Kanuni za Kenya kwa kawaida haziruhusu kuingiza nchini gari lililotumika lenye umri wa zaidi ya miaka 8. Kwa hiyo Mercedes-Benz ya miaka ya 1980 inayouzwa leo katika Kaunti ya Taita Taveta ni mkazi wa siku nyingi, na Peugeot 504, ambayo watu wetu huiita Pijo, yamkini ni mzaliwa wa papa hapa Pwani, kwa maana ziliunganishwa Mombasa kwa miaka mingi. Yote mawili yalikuwa magari ya vyeo. Mnamo Juni 2009 Uhuru Kenyatta, aliyekuwa Waziri wa Fedha, alitangaza katika hotuba ya bajeti kwamba mawaziri wangetumia magari yenye enjini isiyozidi ujazo wa sentimita 1800. Lakini hata kabla ya tangazo hilo, magari makubwa ya mashirika na makampuni yalikuwa yakishuka ngazi kupitia minadani: kutoka kwa mkurugenzi hadi kwa mfanyabiashara, kutoka kwa mfanyabiashara hadi kwa mwanawe. Kila ngazi huacha alama, na kazi ya mkaguzi ni kuzisoma alama hizo.

Mjomba anakaa Chala, juu ya mji wa Taveta, si mbali na lile ziwa lililotulia ndani ya kasoko ya volkano, nusu likiwa Kenya na nusu Tanzania. Mkewe, yaani mkaza mjomba wangu, ana maradhi ya mguu yanayomlazimu kwenda kliniki Voi kila mwezi, safari isiyopungua kilomita 100 kwenda tu. Barabara kuu ya Voi hadi Taveta ilitiwa lami katika miaka ya 2010 na sasa ni njema. Ukiiacha lami, hata hivyo, njia ya kufika nyumbani ni vumbi na mawe meusi ya volkano yaliyochomoza ardhini kama magego. Jambo hili la mawe msomaji alihifadhi.

"Mpwa wangu," aliniambia, "nimefundisha miaka 34 nikibanwa katika matatu. Sasa nataka mama yenu anyooshe mguu, na mimi niheshimike kidogo."

Alikuwa amekwisha kusikia habari za gari moja Voi: Mercedes-Benz 230E ya mwaka 1988, ya umbo lile ambalo mafundi huliita 124. Namba yake ya usajili haikuwa na herufi mwishoni, ishara kwamba ilisajiliwa kabla ya mfumo wa sasa kuanza. Tulimchukua fundi mmoja wa jua kali kutoka Taveta, mtu mzima mwenye maneno machache, tukampigia muuzaji simu usiku na kumwomba asiliwashe gari kabla hatujafika. Sharti hili ni la msingi. Enjini iliyopashwa moto mapema huweza kuficha uzito wa kuwaka, kelele za mnyororo wa ndani na moshi wa mwanzo. Tulipofika, kitu cha kwanza alichofanya fundi ni kuweka kiganja juu ya boneti. Ilikuwa baridi.

Hakuliangalia rangi wala viti, ijapokuwa Mjomba alikuwa amekwisha kuvikalia na kupapasa mbao zinazong'aa kwenye dashibodi. Alilala chali. Magari ya 124 huanza kuliwa na kutu mahali pasipoonekana: kwenye matundu ya kuingizia jeki chini ya milango, nyuma ya mabawa ya mbele, na chini ya zulia la buti. Gari lililoishi Mombasa, karibu na upepo wa chumvi, hutiliwa shaka zaidi. Fundi alivitoa vifuniko vya plastiki vya matundu ya jeki kimoja kimoja akachokoa kwa bisibisi. Kisha alichukua sumaku ndogo iliyofungwa kitambaa, akaipitisha juu ya bodi. Panapokuwa na chuma sumaku hushika. Palipozibwa kwa kandiko na kupakwa rangi, huanguka. Ilianguka mara moja tu, juu ya gurudumu la nyuma la kulia. "Hapa iligongwa," alisema, "lakini si sana."

Akafungua mfuniko wa oili. Maji yakiingia katika oili, chini ya mfuniko huonekana povu la rangi ya chai ya maziwa, nalo ni dalili mbaya. Halikuwapo. Gari likawashwa. Moshi wa buluu ulitoka mara moja ukapotea, jambo ambalo katika enjini hizi aghalabu huonyesha kuwa mipira ya vali imekauka; ni ukarabati, si msiba. Oili ya giaboksi ilikuwa nyekundu na haikunukia kuungua. Papo hapo aligusia jambo ambalo wanunuzi wengi hawalijui: kwamba mtu anayeikimbilia 124 ya miaka ya mwisho, 1993 au 1994, kwa kudhani upya ni usalama, azitazame nyaya za enjini kwanza, kwani maganda ya nyaya za miaka hiyo hukauka na kumomonyoka. Ya 1988 haina ugonjwa huo.

Niruhusiwe hapa kusema neno kuhusu lugha, maana jarida hili ni la lugha. Kwa saa nzima fundi yule alizungumza juu ya gari kama daktari anavyozungumza juu ya mgonjwa: halikohoi, halili oili, linavuta kidogo upande wa kushoto, bushi zimechoka, shokamzoba moja inalia, halijawahi kushushwa enjini. Hakukosa neno hata mara moja. Sisi tunaosoma istilahi darasani tungekwama katika sentensi ya pili na kukimbilia Kiingereza. Ni kweli alisema "gari hii inavuta" pale ambapo mimi ningeandika "gari hili linavuta", nami sikuthubutu kumsahihisha. Sijui ni lini mmoja wetu atakwenda na daftari katika gereji za Voi na kuyaandika maneno hayo; ningemshauri aende asubuhi, kabla kelele hazijapanda.

Mtihani mkubwa ulikuwa mlima. Kuendesha gari mjini Voi kwa dakika kumi hakuthibitishi lolote. Tulielekea Mwatate, tukakata kulia na kuipanda ile njia ya kona kwa kona inayokwenda Wundanyi. Hapo ndipo gari kuukuu husema siri zake: radieta iliyoziba huchemsha, giaboksi iliyochoka husita kubadilisha gea, na wakati wa kuteremka breki hunuka. Tulikuwa wanne ndani na jua lilikuwa kali. Sindano ya joto ilipita 80, ikakaribia 90, ikasimama. Mjomba aliitazama sindano ile kama mwalimu amtazamaye mtahiniwa wake mpendwa. Tuliporudi chini alikuwa amekwisha kununua, moyoni.

Palibaki karatasi.

Namba ya chesisi ya gari hili imepigwa kwenye chuma cha ukuta wa nyuma wa enjini. Huanza kwa herufi WDB, na tarakimu sita zinazofuata hutaja aina: 124023 ndiyo 230E. Zilikuwapo, hazikukwaruzwa, na zililingana na zile za kwenye logibuku. Hadi hapo hapakuwa na neno. Lakini jina la mwenye gari halikuwa la muuzaji. Tulipoulizia kumbukumbu za usajili kwa mamlaka ya usafiri, jibu lilileta jina lile lile la kwenye logibuku, na hapo kijana akaeleza: mwenye gari alikuwa marehemu babake, na familia ilikuwa haijafungua kesi ya mirathi.

"Mwalimu, tumalizane kwa mkataba tu," alisema kwa adabu. "Logibuku nitakuachia. Mambo ya jina tutayarekebisha baadaye."

Sidhani kwamba alikuwa tapeli. Alikuwa mtoto wa mtu, aliyeachiwa gari asilolimudu. Hata hivyo Sheria ya Urithi ya Kenya, Sura ya 160, katika kifungu cha 45, inamkataza mtu yeyote kuingilia mali ya marehemu bila idhini ya kisheria, na adhabu yake ni faini, kifungo au vyote viwili. Muuzaji asiye na hati ya usimamizi wa mirathi hana anachoweza kumhamishia mnunuzi isipokuwa funguo. Ndugu zake wangeweza kulidai gari siku yoyote. Na iwapo lingemgonga mtu njiani, Mjomba angejikuta akieleza uhusiano wake na jina la mtu aliyezikwa. Nilimweleza hayo pembeni, chini ya mwarobaini. Alisikiliza kwa muda mrefu.

"Na wakienda mahakamani itachukua muda gani?"

Nilimwambia ninachokijua: ombi huwasilishwa, tangazo hutolewa katika Gazeti Rasmi la Serikali na watu hupewa siku 30 za kupinga, kisha hati ikitolewa huhitaji kuthibitishwa, na kwa kawaida uthibitisho huja baada ya miezi 6.

"Miezi sita," alirudia. "Kliniki ni wiki ijayo."

Ningetamani kuandika kwamba aliondoka kwa moyo mkunjufu. Aliondoka akigeuka nyuma. Njiani, tulipoipita Maktau, fundi ndiye aliyevunja kimya, akasema kwamba hata karatasi zingekuwa safi bado kulikuwa na yale mawe ya Chala. Benzi lile tumbo lake li karibu na ardhi. Jiwe moja lingeitoboa karai ya oili, na mwenye gari asiyeiona taa mapema angeua enjini ambayo mlima wa Wundanyi haukuweza kuiua. Hoja hiyo kwangu ilikuwa nzito kuliko zote za kiufundi. Gari huchaguliwa kwa kilomita zake mbaya kabisa, hata kama ni chache.

Jumamosi iliyofuata tulikagua Pijo 504 ya mkulima mmoja wa ndizi, jirani wa mbali. Nitaipitia kwa haraka kwa sababu haikuwa na siri nyingi. Gari hili lilitoka Ufaransa mwaka 1968, likashinda Safari Rally mwaka 1975 na tena 1978 katika umbo la kupe, na lilijengwa kwa miguu mirefu inayonyumbuka. Mlango wake wa kushoto ulikuwa na kutu inayoonekana kwa macho. Shokamzoba mbili zilivuja. Kiti cha dereva kilichanika. Fundi aliliacha likinguruma mpaka likapata joto, apate kuona kama feni inashika, maana feni ya Pijo huendeshwa kwa sumaku ya umeme nayo isiposhika, gari huchemka. Ilishika. Bei haikufika nusu ya ile ya Voi, na fundi alipoijumlisha gharama ya matengenezo kwenye kipande cha karatasi ya sigara, bado pesa zilibaki.

Mwenyewe alitoa kopo la majani ya chai. Mlikuwa na logibuku yenye jina lake, na risiti za tangu aliponunua, zimekunjwa kwa mpangilio wa miaka. Uhamishaji ulifanywa kwa njia ya mtandao, kila mmoja akikubali kwa simu yake, na malipo yakatolewa siku ile ile, wala si kabla.

Mjomba hakusema kitu juu ya heshima. Mkaza mjomba alilikagua kwa njia yake mwenyewe: alifungua mlango wa nyuma, akaketi, akaunyoosha mguu juu ya kiti, kisha akauliza kama kioo kinashuka. Kilishuka.