Nyota Kumi za Asiatique

Duka lilibomolewa Jumanne. Nilipofika Alhamisi palikuwa pamebaki ukuta mmoja tu, wa kijani, rangi ambayo kwa miaka yote ile hakuna mteja aliyeiona, maana vitenge viliufunika kutoka sakafuni hadi darini. Vijana wa kubomoa walikuwa wamepanga pembeni vitu walivyovishusha darini, vimngoje mnunuzi wa chuma chakavu: mizani, feni isiyo na mapanga, mlango wa kasha la fedha, na printa yangu. Naiita yangu ingawa fedha zilikuwa za mzee mwenye duka.

Nilikuwa na mjukuu wa dada yangu, kijana wa miaka 20 anayesomea kompyuta chuoni, mwaka wa pili. Akapuliza vumbi, akashika kile kigurudumu cha pembeni, akakizungusha.

"Babu, hii cherehani?"

Sikumjibu. Ndani ya printa kulikuwa na karatasi, ile ya matundu kandokando, mende wameitafuna pembe moja ya juu. Kijana akaivuta taratibu, akaisoma hadi chini, akacheka.

"Sasa kwenye jumla mbona wameweka nyota? Walikuwa wanaficha neno la siri?"

Huku kwetu Burundi, ukitoka mtaa wa Buyenzi kwenye magereji ukashika njia ya mtaa wa Asiatique, zamani pua ndiyo iliyokuambia umefika. Oili chafu inabaki nyuma, unapita kwenye sambusa na chai ya tangawizi, halafu inakuja iliki, halafu ule wanga wa vitambaa vipya unaokwaruza koo. Duka la mzee lilikuwa hapo penye wanga. Jina lake sitalitaja, watoto wake wako hai na huenda wakayasoma haya. Babu zake walitoka Oman, wakakaa Ujiji, wakavuka ziwa. Kiswahili chake kilikuwa cha Ujiji hasa, na Kifaransa chake kilikuwa cha forodhani. Alikuwa na kidole gumba kinachosoma kitenge. Alikisugua kitambaa mara moja, akakinusa, akakwambia kama ni cha Helmond kule Uholanzi au ni cha kuiga kilichochapwa upande mmoja. Sikuwahi kumwona akikosea.

Kidole hichohicho ndicho alichopitisha kwenye ripoti zangu. Kila mwisho wa mwezi alikaa na rula na kalamu nyekundu, mstari kwa mstari, kila mstari tiki. Kwenye skrini hakuamini kitu. "Hicho kioo umeme ukikatika kinasahau," alisema. "Karatasi haisahau." Umeme ulikatika kweli, na grupu letu, yaani jenereta, lilikuwa likiguna kwanza kama mzee anayeamshwa alfajiri.

Nilikuwa nikisema niliingia pale 1990. Daftari langu la kwanza limeandikwa Machi 1991. Haidhuru. Nilianza na programu ya dBase III Plus, baadaye nikahamia FoxPro, na kwa miaka kadhaa nilikuwa fundi wa maduka saba au manane ya mtaa ule: natembea na disketi mfukoni, nakunywa kahawa ya kila mtu. Printa ilikuwa Epson ya pini 9. Utepe ukipauka hatukununua mpya. Tuliufungua, tukautia wino uliochanganywa na mafuta ya cherehani, maana wino mtupu wa mihuri unazikausha pini. Basi kijana hakukosea kabisa. Mashine ile ilinuka cherehani mpaka mwisho.

Ugonjwa wa kwanza wa ajabu uliletwa na karatasi. Wakati nchi imewekewa vikwazo vya biashara, ile karatasi ya Ubelgiji iliisha, ikaja nyingine kutoka Dubai, kwa njia ambazo sitaziandika hapa. Ilikuwa nyeupe kuliko ya zamani, mzee akaifurahia. Siku ya kuchapa orodha ya ghala, kurasa kama 20, ukurasa wa kwanza ukatoka sawa. Wa pili ukaanza chini kidogo. Wa tatu chini zaidi, na wa sita kichwa cha habari kilikuwa katikati ya karatasi, mistari inakatwa na mkunjo. Tukaangalia tu. Halafu ukurasa wa 12 ukarudi juu mahali pake, umenyooka, kama mlevi aliyeona polisi.

Nilikaa siku 3 nikiitafuta kasoro kwenye programu. Niliandika upya hesabu ya mistari, nikahesabu tena, nikamlaumu kijana aliyeweka karatasi. Mzee ndiye aliyeiona, na hakutumia kompyuta. Alichukua rula yake ya kupimia vitambaa, akailaza kwenye karatasi mpya, kisha kwenye kipande cha ile ya zamani kilichokuwa kimefungia sukari. Ya zamani ilikuwa na urefu wa inchi 12, ya Dubai inchi 11. Printa ilikuwa bado inaruka mistari 72 kila ukurasa, na karatasi ina mistari 66 tu. Inchi moja inateleza kila mara. Baada ya kurasa 11 mitelezo imetimia karatasi nzima, wa 12 unaangukia juu. Dawa yake ilikuwa swichi ndogo kama punje ya mchele, niliibonyeza kwa ncha ya kalamu, nikaizima mashine nikaiwasha tena. Mzee hakusema neno. Aliirudisha rula kwenye vitambaa.

Nyota zilikuja Oktoba 1998.

Muhtasari wa mwezi ulikuwa ukurasa mmoja: kila siku mstari wake, na chini jumla. Siku zote zilitoka na namba zake. Kwenye jumla zikatoka nyota 10, zimepangwa vizuri kama shanga. Nikachapa tena. Nyota. Mzee akauliza fedha zake ziko wapi.

Msomaji wa leo atacheka, lakini kumbukeni hali ya vita ilivyokuwa. Kila mtu alimshuku kila mtu kwa mambo makubwa kuliko hayo. Mzee alimwangalia msichana wa kaunta, msichana akaniangalia mimi, nami nikaiangalia printa. Mzee akafunga mlango kwa ndani. Akasema hatoki mtu mpaka jumla ipatikane, na kwa vile saa za kutotembea zilikuwa zinakaribia, tulijua maana yake ni asubuhi. Msichana alilia kidogo, halafu akaenda kuchemsha chai.

Tulikaa juu ya marobota ya vitenge, taa moja ya chemli, grupu limezimwa ili lisivute macho. Msichana anasoma, mimi najumlisha kwa mkono, mzee anajumlisha kwa kikokotoo chake kikubwa cha kaunta. Mara ya kwanza tulipishana. Mara ya pili tulipishana pengine. Nje hapakuwa na kitu ila mbwa, na mara mojamoja gari ambalo sote tulilisikiliza mpaka lilipopita. Harufu ya wanga ule usiku mzima inaingia mpaka kwenye meno. Hata leo nikipita karibu na duka la vitambaa naisikia chai ile. Kama saa 9 usiku tukapatana: 10,214,650.

Mzee akaiandika kwa tarakimu kubwa nyuma ya kalenda. Nami nilipoiona imeandikwa ndipo nilipoelewa, nikaona aibu ambayo giza lilinisitiri. Mwaka 1991 nilipotengeneza ile safu ya jumla niliipa nafasi 10: tarakimu 7, nukta, na tarakimu 2 za senti. Kubwa kuliko zote inayoweza kukaa humo ni 9,999,999.99. Ikizidi, programu haikati namba wala haidanganyi; inajaza nafasi zote nyota, kukwambia kwamba jumla ipo ila haienei. Nilimuuliza mzee wakati ule kama nafasi zitatosha, akacheka: nani atauza milioni 10 kwa mwezi? Tulikuwa tunauza 4. Na zile nafasi 3 nilizipoteza kwa senti, senti za faranga ya Burundi, ambazo hakuna aliyezishika mkononi, kwa sababu mfano wa kwenye kitabu ulikuwa wa dola.

Nilimweleza. Nilidhani atafurahi kwamba hakuna mwizi. Akaniambia nimtolee idadi ya pisi. Nikawasha grupu, nikamchapia. Pisi tulizouza mwezi ule zilikuwa pungufu kuliko za mwezi kama huo mwaka wangu wa kwanza. Nilipoingia dukani dola moja ilikuwa kama faranga 180. Sasa ilipita 440. Mzee akaziweka karatasi mbili sambamba, akapitisha gumba lake juu ya zile nyota kama anavyopima kitambaa.

"Za kuiga," akasema.

Asubuhi alimpa msichana kitenge cha Helmond na hakumwomba radhi kwa maneno. Mimi nilifuta senti, safu ikapata tarakimu 10 kamili. Ile karatasi ya nyota nilitaka kuitupa, akaninyang'anya.

Yaliyofuata hayahitaji kurasa. Mwaka 2002 mwanawe mkubwa alileta Windows na printa ya leza, mimi nikahamishia kila kitu kwenye Visual FoxPro. Nikaunda ripoti nyumbani kwangu Buyenzi, kwenye kijiprinta changu cha wino. Nyumbani zinatoka safi, dukani zinatoka zimekatwa ubavu. Wiki mbili. Mwisho nikagundua kwamba faili la ripoti lenyewe ni jedwali kama majedwali mengine, nikalifungua nione safu zake. Mstari wa kwanza kabisa ulikuwa umehifadhi jina la printa ya nyumbani kwangu na saizi ya karatasi yake, namba 1, yaani ya Kimarekani, badala ya 9 ambayo ni A4. Mimi ndiye niliyeihifadhi bila kujua. Ripoti ilipelekwa Asiatique, lakini ilikuwa bado inaulizia kule ilikozaliwa. Nikafuta vile visanduku vitatu vya mstari wa kwanza, ikatulia. Nilimwambia mzee, akasema hata yeye mama yake hakuacha kuulizia Ujiji.

Akafa. Wana wakagawana, mmoja Dubai, mmoja Kanada. Soko kuu la mji likaungua tarehe 27 Januari 2013, na walioshindwa kuinuka wakauza. Sasa mauzo yako kwenye simu, na simu ikikosea inakwambia tu "jaribu tena baadaye". Baadaye lini? Kosa gani? Mwaka jana nilimwona mfanyabiashara mzima, duka la orofa mbili, anamwonyesha mhasibu wake picha ya skrini iliyopasuka katikati, ndiyo hesabu ya mwezi. Hana rula wala kalamu nyekundu. Mjukuu wangu huyu anajua kutengeneza programu ya kuagiza pizza, mjini ambamo hajawahi kuagiza pizza, na hajui kwamba namba ina upana.

Basi pale kwenye kifusi nilimweleza habari za nyota, kwa kifupi kuliko hapa. Karatasi ilikuwa ileile. Niliijua kwa tiki nyekundu. Bila shaka mzee ndiye aliyeipachika kwenye mashine siku ilipopandishwa darini.

Kijana akatoa simu, akajumlisha mistari yote mimi nikimsomea. Akapata 9,871,300.

"Babu, hii inaenea. Nyota hazikustahili."

Nikamwambia ajumlishe tena. Akajumlisha tena, ikaja ileile. Mnunuzi wa chuma chakavu alikuwa amefika na mizani yake ya kuning'iniza, anaifunga printa kamba. Kijana akaitazama karatasi, akaigeuza, akapitisha kidole kwenye pembe ile ya juu iliyotafunwa na mende.

"Ile jumla yenu ya usiku ilikuwa ngapi?"

Nikamtajia. Akatoa.

"Tarehe 1 mliuza 343,350," akasema.

Mnunuzi akasema kilo 5 na nusu, tunauza au hatuuzi?