Nyumba Zinazoonekana kutoka Juu

Kazi ya kujaribu vitu vya wengine ni kazi isiyo na sifa. Fundi cherehani husifiwa kwa suti aliyoshona, lakini aliyeivaa kwanza na kusema kwapa linabana hatajwi na mtu. Kazi hiyo nimeijua uzeeni, nami si rubani wala mtaalamu wa kompyuta. Miaka yangu mingi ilikwisha Tunduma, nikishughulikia karatasi za mizigo ya malori yanayovuka kwenda Nakonde, Zambia. Sasa nimetulia Vwawa, na aliyenitia katika shughuli hii ni mpwa wangu.

Kijana huyo hutengeneza mandhari ya programu za kuigiza urubani. Huenda msomaji hajaziona. Mtu huketi mbele ya kompyuta, akashika usukani mdogo, akaruka juu ya dunia iliyochorwa. Programu huja na dunia nzima, lakini pembe zetu hizi huchorwa juujuu tu. Basi wapenzi wa mchezo huo hutengeneza nyongeza zao: uwanja mmoja, mji mmoja, bonde moja. Mpwa wangu alichagua Uwanja wa Ndege wa Songwe na nchi inayoendelea hadi Tunduma. Jina hilo huwachanganya wengi, maana uwanja huo, uliofunguliwa mwaka 2012, uko Mkoa wa Mbeya. Mkoa wa Songwe ulizaliwa 2016 kwa kumegwa kutoka Mbeya.

Alikuja kukaa kwangu wiki mbili, mwezi wa Januari, na mashine yake.

"Mjomba," alisema, "mimi niliondoka hapa nikiwa na miaka saba. Wewe tazama tu, uniambie kisichokaa sawa."

Nikatazama. Tuliruka njia ileile asubuhi, adhuhuri na jioni, chini na juu, kwenye mvua na kwenye jua. Kasoro zilikuwa nyingi, na kila moja ilikuwa na sababu yake. Barabara ya ndege, yenye urefu unaozidi kilometa 3, ilipanda na kushuka kama shuka lililotandikwa vibaya. Alinieleza kwamba vipimo vya miinuko vilitokana na rada ya chombo cha anga Endeavour, kilichoizunguka dunia kwa siku 11 mwezi Februari 2000. Ardhi ile ilipimwa miaka 12 kabla ya uwanja kufunguliwa, kwa hiyo mashine ilikuwa bado inakumbuka mabonde yaliyokwisha kusawazishwa. Rada hiyohiyo ilikuwa imehesabu vilele vya miti kuwa ardhi, na shamba la mikaratusi likawa kilima.

Picha za satelaiti nazo zilipigwa miezi tofauti. Upande mmoja wa mto ulikuwa kijani, wa pili kahawia, na mpaka kati yao umenyooka kama kiraka cha kanzu. Malori ya Tunduma yalikuwa yamelala bapa barabarani kama yaliyofumwa kwenye mkeka. Na nyumba zetu programu ilizivika mapaa ya vigae vyekundu yenye dohani, kama za Ulaya. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, walisema wahenga.

Hayo yote aliyarekebisha bila ubishi. Ubishi ulianza tulipofika mashambani.

Mpwa wangu alikuwa ametumia siku tatu kukichonga Kimondo cha Mbozi, lile jiwe la chuma lililoko kilima cha Marengi, lenye tani zinazokadiriwa kuwa 12 na urefu wa kama mita 3. Jiwe hilo huwezi kuliona ukiwa angani, lakini lilipendeza. Vitongoji vya kati ya Vwawa na Tunduma, kwa upande wake, alikuwa amevifuta na kupanda pori. Alisema kila nyumba ni mzigo kwa kompyuta. Zikizidi, picha hukwamakwama na rubani hawezi kutua. Tena picha zilipigwa kiangazi, na shamba lililovunwa halitofautiani na nyika.

"Pale pana watu," nikamwambia. "Shamba likivunwa haliachi kuwa shamba."

"Mjomba, huu ni mchezo. Kutoka futi 3,000, nani ataona?"

Nilinyamaza kwanza, kwa sababu swali lake lilikuwa la haki. Kisha nikamkumbusha kwamba hata mpaka wetu ulichorwa na watu waliokuwa mbali. Mwaka 1890 Uingereza na Ujerumani zilitiliana mkataba, na Wanyamwanga wakajikuta wako chini ya dola mbili, ndugu kwa ndugu. Waliochora hawakuwa na chuki na Wanyamwanga. Kwenye karatasi yao hapakuwa na mtu. Ndiyo maana huniogopesha ramani yenye pori mahali penye kaya. Mtu akiizoea picha hiyo, siku moja ataitwa kwenye kikao kuamua habari ya ardhi "tupu", na hatauliza kuna nani.

Hakunijibu. Usiku ule umeme ulikatika, tukalala. Asubuhi nilimkuta anakagua mzigo wa mashine uko wapi. Ulikuwa ndani ya ukumbi wa abiria: viti, meza za kupimia mizigo, hata ndoo za taka, vyote vimechongwa kwa ustadi, na mwenye ndege angani haoni hata kimoja. Alivitoa. Kwa nafasi iliyopatikana alitengeneza nyumba za aina tatu, ya mabati mapya, ya mabati yenye kutu na ya nyasi, pamoja na migomba na mibuni ya Mbozi. Akazipanga tulivyoelekezana, kaya kwa kaya. Tukaruka tena njia ileile, na picha haikukwama.

Sisemi kwamba kila mtu sasa ana nyumba yake katika dunia ile. Nyingi zimebaki nje, maana mashine ina kikomo chake. Lakini anayeshuka kutoka magharibi kuelekea Songwe ataona mabati yakimetameta kando ya barabara kuu na reli ya TAZARA, naye atajua kwamba anapita juu ya makazi ya watu.

Vijana wetu wengi sasa huichora nchi kwa mashine: ramani, michezo, mipango ya miji. Ushauri wangu kwao ni mdogo. Kabla ya kuandika pori, muulizeni mwenyeji. Hahitaji kujua kompyuta, anahitaji tu kuketishwa mbele ya kioo na kupewa muda wa kutazama.