Sura Iliyochorwa Juu ya Jiwe

Sisi wakazi wa Kilosa twaijua njia ya Mikumi, na wengi wetu tumeona picha za tembo na twiga wauziwazo wageni waijiao hifadhi ile, iliyoanzishwa mwaka wa 1964. Siku moja nilimwuliza mchoraji mmoja, "Kijana wangu, umepata kumchora mama yako?" Akacheka, akanijibu, "Mwalimu, sura ya mama yangu nani atainunua?" Neno lile halikuniondoka moyoni, nalo ndilo linifanyalo niwaandikie habari za mchoraji wa nchi ya mbali.

Jina lake ni Mikhail Chemiakin, aliyezaliwa Moscow mwaka wa 1943, zamani za dola ya Sovieti. Tangu miaka ya 1930 serikali ile iliwaamuru wachoraji wachore nini: wafanyakazi wenye nguvu, mashamba yenye neema, na viongozi wasio na kasoro. Aliyekataa hakupewa mahali pa kuonyesha kazi yake. Chemiakin alikuwa kibarua katika jumba la Hermitage, mjini Leningrad. Mwaka wa 1964 yeye na vibarua wenzake wakaonyesha picha zao humo. Baada ya siku chache maonyesho yakafungwa, na mkuu wa jumba akaondolewa kazini. Tena Chemiakin alipata kutiwa kwa nguvu katika hospitali ya wagonjwa wa akili, na mwaka wa 1971 akafukuzwa nchini, akaenda kukaa Ufaransa.

Mojawapo ya kazi zake ni kupiga chapa kwa jiwe, yaani litografia, ufundi uliovumbuliwa na Alois Senefelder huko Bavaria mwaka wa 1796. Mchoraji huchora sura kwa kalamu ya mafuta juu ya jiwe laini la chokaa. Jiwe hupakwa gundi na dawa kali kidogo, kisha hulowanishwa maji. Penye mafuta maji hayakai, kama matone ya mvua juu ya jani la magimbi. Wino nao, kwa kuwa una mafuta, hushika penye mchoro tu. Ndipo karatasi hulazwa juu, ikagandamizwa. Jiwe moja hutoa karatasi nyingi, hata sura ya mtu haifungiwi katika chumba cha tajiri mmoja.

Mwaka wa 1991 sanamu aliyoifanya ya mfalme Petro Mkuu iliwekwa katika ngome ya Petro na Paulo, katika mji ule ule wa Leningrad. Kichwa alikifanya kwa kufuata kinyago kilichotolewa usoni pa mfalme mwenyewe alipokuwa hai: kichwa kidogo, kisicho na nywele, juu ya mwili mkubwa. Watu wengi walichukizwa, maana walizoea kuonyeshwa mfalme mzuri. Lakini uso ulikuwa ndio huo.

Basi, ndugu zangu, tusidhani ya kuwa serikali peke yake ndiyo iwezayo kuuamuru mkono wa mchoraji. Fedha nayo huamuru, ila hiyo huamuru kwa upole. Simlaumu mtu auzaye tembo apate unga wa watoto wake. Lakini tukichora kinunuliwacho tu, wazee wetu watapita, wala wajukuu hawatajua walifananaje.

Kwa hiyo darasani kwangu huwapa watoto makaa na karatasi, nikawaambia, "Mchoreni babu au bibi kama alivyo." Mwanzo huwachora vijana wenye mashavu laini, kama watu wa kalenda. Huwarudisha nyumbani wakatazame tena. Mzee mmoja, aliyekata mkonge Kimamba ujanani mwake, aliletewa sura yake na mjukuu wake. Akaitazama kitambo kirefu, akapitisha kidole juu yake, akasema, "Makunyanzi haya ni yangu. Hakuniibia hata moja."