Tutakupigia

Ukiomba kazi Kenya, jibu unalolijua ni "tutakupigia." Wengi wetu tumezoea kuishi na hilo neno. Unalala na simu kando ya mto, unapokea hata namba usiyoijua. Mdogo wangu ni kiziwi. Akiambiwa tutakupigia, ni kama ashakataliwa.

Ana miaka 24 na ni fundi wa mbao. Alisomea kwa chuo cha ufundi cha kaunti, vile ambavyo wazee bado wanaviita poli. Kaunti yetu ina mpango wa kuwapa vijana mafunzo kazini: miezi michache, posho kidogo, barua ya mwisho. Fomu ina kisanduku cha ulemavu. Katiba ya 2010, kifungu cha 54, inasema angalau asilimia 5 ya nafasi za umma za kuchaguliwa na kuteuliwa ziende, hatua kwa hatua, kwa watu wenye ulemavu. Mdogo wangu anaijua hiyo namba kama jina lake.

Lakini kabla ya kutia alama kwa kisanduku, kuna safari. Lazima uwe na kadi, na kadi inataka daktari wa hospitali ya serikali akupime kwanza. Tulilipa nauli ya kwenda na kurudi mara tatu. Ati kiziwi anapimwa ithibitishwe ni kiziwi, halafu anaitwa kwa sauti aingie chumba cha daktari.

Mwaka jana aliomba. Akaweka namba yake mwenyewe, na kando yake akaandika kwa herufi kubwa: KIZIWI, TAFADHALI TUMA SMS. Baada ya wiki mbili simu yake ilikuwa na miito mitatu ambayo haikupokelewa. Tulipofika ofisini, jina lake lilikuwa limeandikiwa "hakupatikana." Karani, mama mpole kweli, aliniangalia mimi, si yeye. "Kwani hana mtu wa kumshikia simu?"

Hapo ndipo mimi huchoka. Naweza kumshikia simu, ni ndugu yangu. Lakini nina kazi yangu, na siku moja nitahama. Mtu mzima hawezi kuwa na ajira inayotegemea kama dada yake yuko kwa matatu yenye muziki wa juu. Katiba hiyo hiyo, kifungu cha 120, inataja lugha rasmi tatu za Bunge: Kiswahili, Kiingereza na Lugha ya Ishara ya Kenya. Pale kaunta, hakuna aliyejua hata ishara ya "karibu."

Awamu iliyofuata alienda mwenyewe na karatasi moja. Alikuwa ameandika vitu viwili tu: nitumieni SMS, na badala ya kuniuliza maswali, nipeni mbao. Wakampa. Akaunganisha vipande viwili bila msumari hata mmoja. Wakamchukua.

Sasa anatengeneza viti vya chekechea, maana elimu ya awali ni kazi ya kaunti. Msimamizi wake amejifunza ishara za "subiri," "hatari" na "chai." Fundi wa stima alifunga taa inayowaka kila msumeno ukiwashwa. Ilimchukua saa moja. Mdogo wangu naye amempa msimamizi jina la ishara: vidole viwili kwenye kidevu, kwa sababu ya ndevu zake chache.

Posho inaisha Desemba na hakuna aliyesema kinachofuata. Kwa hivyo yeye na vijana wawili waliosoma naye wanasajili biashara, waingie kwa AGPO, ule utaratibu unaotenga asilimia 30 ya tenda za serikali kwa vijana, wanawake na watu wenye ulemavu. Tenda zenyewe hulipwa polepole, na mbao hazikopeshwi hivi hivi, kwa hivyo wanabishana sana kuhusu mtaji. Hao wenzake wanasikia. Wameanza kujifunza ishara, na wameanza na za pesa.