Shimo la Kwanza Lilichimbwa kwa Mjumbe

Kabla ya redio yalitangulia malori. Operesheni Dodoma ilipofika kwetu Ugogo mwaka 1971, hatukuulizwa kitu. Walikuja watu wa wilaya wakasema tembe zetu zimetawanyika mno, serikali haiwezi kupeleka shule na maji kwa kila kaya iliyojitenga na ng'ombe wake, kwa hiyo tuhamie kijiji kimoja. Hoja yenyewe haikuwa mbaya. Ila ilitolewa huku injini zinaunguruma, na bibi yangu akapakiwa pamoja na vibuyu vyake akiporomosha matusi ambayo mama alituziba masikio tusiyasikie.

Habari kwamba Mwalimu Nyerere yuko Chamwino anafyatua matofali na wanakijiji ilitufikia baadaye. Baba alisema hizo ni picha za gazeti tu, mpaka jamaa yake wa huko alipomhakikishia. Sitasema manung'uniko yalikwisha. Yaligeuka. Mwanzoni watu walilalamika kwamba wamehamishwa. Sasa wakaanza kulalamika kwamba matofali hayatoshi, na kwamba mwenyekiti wa kijiji chetu mbona yeye hafyatui. Nikiwa mtoto sikuona tofauti ya malalamiko hayo mawili. Leo naona kwamba la pili ni la mtu ambaye kazi ameshaifanya yake.

Kisha ukaja mwaka 1973, na kampeni ya Mtu ni Afya. Wasomi wameandika mengi juu yake: wiki 12 za vipindi vya Radio Tanzania, viongozi wa vikundi wapata 75,000, washiriki kama milioni 2 katika nchi ambayo sensa ya 1967 iliikuta na watu milioni 12 na ushei. Mimi nakumbuka kikundi kimoja tu, chini ya mbuyu, na redio ya betri iliyowekwa juu ya kinu kilichopinduliwa. Kiongozi wetu alikuwa mjumbe wa nyumba kumi, mtu mfupi mwenye sauti ya pole, aliyepewa mafunzo ya siku chache na kurudi na vijitabu. Kipindi kilipomalizika alizima redio kuokoa betri, akasoma kwa sauti sehemu ya kijitabu kwa ajili ya wasiojua kusoma, ambao walikuwa wengi, halafu akauliza. Nani hapa amepata homa tangu masika? Nani amezika mtoto? Maji tunayokunywa yanatoka wapi, na ng'ombe wanakunywa wapi?

Hakuna aliyewahi kutuuliza hivyo. Daktari alikuwa akitoa amri, bwana shamba akitoa amri, na katibu wa chama, TANU, akitoa hotuba. Mjumbe aliuliza na kunyamaza, na kunyamaza kwake kulikuwa kurefu hadi mtu aone haya na kusema neno.

Jambo lililotuchukua muda mrefu kuliko yote lilikuwa vyoo. Kijitabu kilieleza vizuri jinsi minyoo na kuhara vinavyosafiri kutoka kinyesi hadi mdomoni, na hilo halikupingwa. Lililopingwa halikuwamo kitabuni. Bibi aliinuka akasema, "Ndugu Mjumbe, mimi na mkwe wangu hatupishani mlangoni, hatuli pamoja. Leo unataka tuchangie shimo?" Wanawake wakacheka, kisha wakaacha kucheka maana lilikuwa swali la kweli. Mtu wa wilaya angejibu kwamba mila hizo zimepitwa na wakati. Mjumbe akasema hata yeye ana mama mkwe nyumbani kwake, na hajui afanyeje. Wazee watoe shauri. Wakajadiliana vikao viwili. Ikaamuliwa kaya yenye wakwe ichimbe mashimo mawili, upande huu na upande ule wa nyumba, na kwamba nguvukazi ya shimo la pili itatoka kwa majirani.

Shimo la kwanza lilichimbwa kwa mjumbe mwenyewe, naye ndiye aliyekuwa ndani akitupa udongo. Hapo nadhani ndipo kazi ilipokuwa ya kijiji. Mwisho wa kampeni hiyo bibi yangu alikuwa na choo chake peke yake, na alikitaja katika mazungumzo mara nyingi kuliko ilivyohitajika.

Miezi michache tu baadaye, Novemba mwaka huohuo, serikali ilitangaza kwamba ifikapo mwisho wa 1976 kila mtu wa vijijini awe anaishi katika kijiji, na malori yakarudi barabarani nchi nzima. Viongozi walewale, chama kilekile. Wanaokumbuka enzi ya Mwalimu kama enzi ya mbuyu tu, au ya lori tu, huwa wamekumbuka nusu.

Lakini kuuliza, au walau kueleza, hakukufa mara moja. Tarehe 2 Novemba 1978, alipozungumza na wazee wa Dar es Salaam kuhusu uvamizi wa Idi Amin, Mwalimu alianza kwa kueleza kilichotokea Kagera, ndipo akafika kwenye uwezo, sababu na nia ya kumpiga. Watu wa kijijini kwetu walitoa mbuzi na ng'ombe kwa ajili ya wanajeshi, na sikumbuki mgambo aliyekwenda kuikamata mifugo hiyo.

Mgambo alikuja baadaye. Miaka ya tisini ilituletea miradi na semina, na posho ya kukaa. Mtu akiitwa mkutanoni anauliza kwanza kama kuna bahasha. Siwalaumu, aliyewaita alikuwa amelipwa pia. Miaka ya 2000 ikaja na shule za sekondari za kata, kazi kubwa na ya maana, na vijana wengi wa kwetu wasingevuka darasa la saba bila hizo. Mchango ulipangwa kwa kila kaya. Asiyelipa alifuatwa na mgambo, kuku wake akabebwa. Madarasa yalisimama, lakini hadi leo watu wa kijijini huyaita ya serikali, ingawa mchanga waliusomba wao.

Rais Magufuli alipofuta sherehe za Uhuru za Desemba 9, 2015 na kushika ufagio mwenyewe, nilikuwa Dodoma mjini, na nilishangaa kuona barabara zimejaa watu wanaofagia bila kusukumwa. Baadaye usafi wa Jumamosi ya mwisho wa mwezi ukawekewa faini. Wafagiaji wakapungua, wanaofunga maduka na kujificha ndani wakaongezeka.

Kijijini sasa mwenyekiti ni mwanamke wa umri wa mwanangu. Nilihudhuria mkutano wake kuhusu kisima kirefu kinachosimamiwa na jumuiya ya watumia maji. Alianza kwa kusoma matumizi yote: dizeli, fundi, mlinzi, hadi bei ya kufuli. Kisha akauliza ni nani hawalipii ndoo, na kwa nini. Akanyamaza. Mzee mmoja akasema hatalipa, kwa sababu bomba limewekwa mbele ya duka la mtu na mkewe anatembea mbali kulifikia. Wengine watatu wakamuunga mkono. Tulibishana mpaka saa kumi na moja jioni. Bomba la pili limekubaliwa liende upande wa shule. Kuhusu la tatu bado wanavutana, na mwenyekiti amekataa kuamua peke yake.