Mlima Uliokula Nyumba Yetu

Agosti 2019, nikiwa nimemaliza mwaka wa pili wa gradua, nilimwambia baba kwamba wenzangu wanne wamenialika kupanda Nyiragongo. Alikuwa akila. Akarudisha tonge sahanini, akauliza:

"Yaani utalipa pesa ili uoneshwe mwizi wako?"

Nyumba yetu ya kwanza iko chini ya mawe tangu tarehe 17 Januari 2002. Nilikuwa na miaka mitatu, mgongoni mwa mama. Ninayoyajua nimesimuliwa: moto ulipita katikati ya mji hadi ziwani, na watu wakakimbilia Gisenyi wakiwa na magodoro kichwani. Nyumba ya sasa ni ya mbao, imejengwa juu ya mawe yale yale. Kila siku nilikuwa nikiukanyaga mlima bila kuupanda.

Wala sikuwa nimepanda kitu kingine, isipokuwa ngazi za oditwari. Nilivaa jinzi na basketi zilizolika soli, nikabeba lita moja ya maji na kamusi. (Kamusi ya nini? Sijui hadi leo.) Pale Kibati, muzee mmoja wa wapagazi alinitazama miguu, si uso, kisha akanipa fimbo. Kutoka pale, kwenye mita kama 1,900, hadi ukingo wa juu kwenye mita 3,470, njia ni kilomita nane hivi. Nilipiga hesabu ya barabara ya mjini: saa mbili zitatosha.

Msituni nilikwenda mbio, nikawaacha wenzangu nyuma. Tulipofika kwenye mawe madogo yanayoporomoka, nikawa napiga hatua mbili na kurudishwa moja. Maji yaliniishia kabla ya nusu ya njia, na huko hakuna mahali pa kuchota. Muzee akanifikia, amevaa bote za mpira, mgongoni kabeba mkoba wa mgeni na mfuko wa makaa.

"Kijana, unamkimbilia nani? Mlima hauhami."

Akaninywesha maji yake. Niliona haya, lakini nikanywa. Ndipo akanifundisha: hatua iwe fupi, unyayo wote ukae chini, fimbo itangulie. "Ukiweza kuongea, unakwenda vizuri. Ukishindwa kuongea, punguza." Tangu hapo nilitembea nyuma yake, nikimhadithia mitihani yangu ili nijipime. Maskini, alisikiliza fonolojia nzima.

Tulifika juu baada ya saa sita. Baridi ilikuwa kali, nami sikuwa na koti. Usiku tukainama ukingoni kulitazama ziwa la moto. Sisi watano, wote wanafunzi wa lugha, tukaanza kubishania kitenzi: linachemka, linatokota, linapumua? Mimi niliacha ubishi mapema. Nilikuwa nikitafuta chuki niliyokuja nayo, siioni.

Kushuka ndiko kulikoniumiza. Magoti yalitetemeka, na kucha mbili za vidole vikubwa zikawa nyeusi. Baba aliponiona hakusema neno. Alileta beseni la maji ya moto na chumvi. Miguu ikiwa ndani ya maji, akauliza:

"Linatoa sauti?"

"Ndiyo, baba. Kama mawimbi wakati wa upepo."

Akatikisa kichwa polepole. "Usiku ule nilidhani ni ziwa letu." Hakuwa amewahi kuniambia hilo.

Mlima ulilipuka tena tarehe 22 Mei 2021. Tarehe 27, tulipoamriwa kuondoka, tulishika njia ya Sake kwa miguu, kilomita kama 25, barabara imejaa watu. Baba alikuwa mbele na godoro, akitembea kama mtu anayefukuzwa, pumzi zikimkatika. Nikalichukua godoro.

"Fupisha hatua, baba. Uniongeleshe."

"Nikuongeleshe nini?"

"Nyumba ya kwanza. Mlango ulitazama wapi?"

Alikaa kimya kidogo, akipunguza mwendo. Kisha akaanza na mlango, akaja kwenye dirisha la jikoni, na mparachichi uliokuwa nyuma ya choo. Tulipokaribia Sake alikuwa bado hajamaliza uwanja.